Tundu la Upande wa Kulia

Jumamosi moja ya mwezi Machi, kabla ya saa tatu asubuhi, Lidzhi Mukebenov alinunua Nyota Nyekundu, nishani ya vita ya Kisovieti, iliyofungwa ndani ya soksi ya mtoto. Muuzaji alikuwa dereva wa lori kutoka upande wa Omsk, Siberia, ameegesha nyuma ya soko la Elista, mji wetu sisi Wakalmiki, na aliitoa chini ya kiti chake pamoja na saa mbovu na vijiko viwili. Lidzhi hakuitazama usoni. Aliigeuza, akausugua mgongo wake kwa kidole gumba chenye mate, akaisoma namba kwa lenzi: 783416. Rangi ilikuwa imebanduka kwenye ncha moja, na nati ya nyuma haikuwa yake ya asili. Wasiojua hupenda mbele, penye wekundu na askari aliyeshika bunduki. Wanaojua hutazama mgongo, kwa sababu mbele nyota zote ni pacha, lakini mgongoni kila moja ina namba yake, na kila namba ina karatasi yake mahali fulani, na kwenye karatasi kuna mtu.

Lidzhi alikuwa mpima ardhi kwa miaka thelathini na minne, na alipostaafu akaanza kuwapima marehemu. Nyumbani alikuwa na nyota arobaini na tatu. Kila moja aliiandikia kadi kwa mkono wake: jina la mwenyewe, alizaliwa wapi, alifanya nini hata akapewa, alifia wapi. Sheria inakataza kununua nishani za vita, ndiyo maana hununuliwa mapema, polisi wa soko akiwa bado na kikombe chake cha chai.

Alipoitia soksi mfukoni alikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha Bulgun, fundi wa kurekebisha nguo, kwa sababu zipu ya koti lake ilikuwa imekwama.

"Zipu tena, mjomba Lidzhi? Hilo koti unalivaa au unagombana nalo?"

"Shona, acha maneno."

"Maneno ndiyo ya bure hapa. Mengine yote utalipa."

Aproni ya Bulgun ilikuwa na kiraka cha buluu kifuani, upande wa kulia. Lidzhi hakukitazama, kama vile sisi sote tulivyokuwa hatukitazami. Mji mzima ulijua habari ya tundu la akina Shurganov, ukoo wa Bulgun. Kila nguo iliyovaliwa na mtu wa damu hiyo kwa siku nne hutoboka mahali pamoja, kifuani upande wa kulia, tundu duara la upana wa penseli. Ukitia kiraka, kiraka nacho hutoboka siku ya nne. Shuleni walimu walilalamika mara ya kwanza, wakazoea mara ya pili. Daktari aliwapima watoto wote wa ukoo akaandika kwamba ni wazima, tundu liko kwenye nguo tu. Bulgun alipochumbiwa, mama mkwe aliambiwa mapema kama inavyotakiwa, naye akasema afadhali tundu kuliko ulevi. Bulgun alijifunza kushona akiwa na miaka mitano, wala hakuwa na hiari katika jambo hilo.

Mama yake, Nogan, alikuwa na miaka sabini na minane na moyo uliochoka. Ndani ya sanduku chini ya kitanda chake alikuwa na gauni la kijani la kuzikiwa, kama wanavyojiandalia wazee wetu. Lilikuwa la sita. Alikuwa akilijaribu kila mwezi aone kama bado linamtosha, na kulijaribu kwake kulihesabiwa siku baada ya siku, mpaka siku nne zikatimia. Kitu kimoja tu alikitaka kabla ya kufa, na alikisema kwa kila aliyekuja kumjulia hali: azikwe na nguo nzima. "Baba atanitazama kifuani kwanza," alisema. "Akiona tundu atajua hawajamrudishia."

Karatasi za namba 783416 zilifika mwezi Mei kutoka hifadhi ya nyaraka. Lidzhi alizisoma mezani akiwa na chai ya maziwa na chumvi, na chai ikapoa. Mpewa nishani alikuwa Erden Baimukhanov, askari wa kawaida, Mkazakhi, mzaliwa wa Guryev, mwendesha ngamia katika kikosi cha mizinga. Machi mwaka 1944, kwenye matope yaliyomeza malori yote, alipeleka makombora mstari wa mbele kwa siku tatu mfululizo akitumia gari la kukokotwa na ngamia. Siku ya tatu ngamia aliuawa. Baimukhanov alijifunga hatamu za ngamia mabegani, akaendelea kukokota masanduku mwenyewe mpaka jioni. Pendekezo lilitiwa saini na Kapteni Zhuravlyov. Yote yalikuwa sawasawa, ila kwenye kadi ya mwaka 1945, pale panapoandikwa jamaa wa karibu, karani fulani alikuwa ameandika bila kufikiri: mke, Shurganova Sebkya, mkoa wa Omsk.

Mkazakhi gani wa Guryev ana mke Mkalmiki aliyehamishiwa Siberia? Lidzhi alivaa koti akaenda kwa Nogan, nyota ikiwa mfukoni ndani ya soksi yake.

Nogan aliishika, akaipima kwa kiganja, akaipeleka kwenye tundu la gauni alilovaa. Nyota Nyekundu huvaliwa upande wa kulia, na parafujo yake iliingia bila kusukumwa.

"Ndiyo hii," alisema, kama mtu aliyeletewa sufuria iliyoazimwa na jirani. Kisha akaeleza, na Bulgun, aliyewahi kusikia vipande vipande, akasikia yote.

Ngamia wa jeshi walitoka nyika za kwetu, na Erdni Shurganov, baba yake Nogan na mumewe Sebkya, alitoka pamoja nao. Desemba ya 1943 Wakalmiki wote, wazee na watoto, walipakiwa kwenye mabehewa ya ng'ombe wakapelekwa Siberia kwa kosa la kuwa Wakalmiki. Baada ya hapo ikaja amri ya kuwaondoa vitani hata wale waliokuwa wakipigana, wapelekwe kambi ya kazi ngumu. Kapteni Zhuravlyov hakutaka kumpoteza mtu pekee aliyesikilizwa na ngamia. Alimwita Erdni hemani, akamwambia: Baimukhanov kafa juzi kwa homa ya chawa, sijaandika bado, kuanzia leo Baimukhanov ni wewe, ngamia hatauliza. Wema huo ulimwokoa. Matope yalipokuja, Erdni alikokota masanduku kwa mabega yake mwenyewe, lakini kwa jina la marehemu.

"Vita vilipokwisha akatutafuta," Nogan alisema. "Alifika Novemba, theluji hapa." Alionyesha goti lake. "Nilikuwa na miaka sita. Niliiona nyota kabla ya uso. Kesho yake akaitwa kwa mkuu wa wahamishwa, aandikishwe. Baba angesema ni Baimukhanov angeachiwa aende zake, mtu huru. Akasema Shurganov, kwa sababu sisi tulikuwa Shurganov. Mkuu akamwambia, basi hii nyota umemwibia Mkazakhi. Akamvua hapohapo mbele yangu. Hakuirarua. Aliizungusha nati taratibu, kama anayefungua chupa ya dawa."

Tundu la koti lilibaki. Mkewe alilishona jioni ileile, na siku ya nne likarudi. Erdni alikufa majira ya baridi, miezi mitatu kabla ya Wakalmiki kuruhusiwa kurudi nyumbani, akazikwa na koti lake lililotoboka kwa sababu hakuwa na lingine. Baada ya mazishi nguo za wengine zikaanza.

Bulgun hakungoja. Alileta bilauri, akaijaza vodka, maana nishani haiwi ya mtu mpaka ioshwe: hutumbukizwa kwenye bilauri, na mwenyewe hunywa mpaka iguse midomo. Nogan alichovya kidole akarusha tone moja juu kwa ajili ya wazee, akalitamka jina la baba yake, kisha Lidzhi akaidondosha nyota.

Ilielea. Fedha na chuma tupu, ikakaa juu ya vodka kama jani, ikizunguka polepole. Bulgun aliizamisha kwa kijiko, ikapanda tena.

"Inangoja karatasi," alisema Lidzhi. "Nishani ni kitu cha serikali."

"Na mimi ni kitu cha nani?" aliuliza Nogan.

Waliifunga kwenye gauni la kijani kwa nati na kwa uzi juu yake. Asubuhi nyota ilikuwa sakafuni, nati imejifungua yenyewe, na uzi umekatika. Walijaribu mara tatu. Mara ya nne Nogan alikataa, akasema hataki kuvuliwa kila siku kwa jambo ambalo baba yake alivuliwa mara moja.

Kwa hiyo mwezi Juni walikwenda kwenye ofisi ya serikali, ghorofa ya pili, wote watatu, Nogan akipumzika kila ngazi ya tano. Raisa Dordzhievna, msimamizi wa mambo ya nishani, aliwapa viti na peremende. Alizisoma karatasi zote, hata nyuma.

"Lidzhi Batyrovich, mimi nakuelewa. Bibi yangu mwenyewe alipakiwa kwenye behewa lile lile, nisikudanganye. Lakini hebu tazama. Kama aliyepewa ni Baimukhanov, huyu mama si mwanawe. Kama ni Shurganov, basi alilidanganya jeshi, na nishani ya udanganyifu hufutwa. Unataka nifute?"

"Nataka uandike aliyekokota masanduku."

"Aliyekokota ameandikwa. Jina lake ni Baimukhanov."

"Na hili?" Nogan alifungua sweta.

Raisa Dordzhievna alivaa miwani, akainama, akalipima tundu kwa rula. Milimita saba. Alikiri kwamba ni saba kamili, sawa na parafujo. "Nimeliona, mama. Wala sibishi. Ila matundu hayamo kwenye orodha ya vielelezo." Kisha akamgeukia Lidzhi, kwa sauti ileile ya upole: "Na nyota yenyewe uliipata wapi?"

"Niliiokota."

"Imeokotwa," alisema, akaandika.

Mtu mwingine angekomea hapo. Lakini Lidzhi alikuwa mtafiti, na watafiti wa nishani wana ugonjwa wao: huamini kwamba karatasi moja ikikosea, karatasi nyingine itaisahihisha. Aliwaza kwamba mahali fulani yupo mjukuu wa Kapteni Zhuravlyov mwenye barua ndani ya droo. Nogan alimwonya. "Lidzhi mwanangu, usitangaze jina la watu. Jina lina wenyewe." Alitangaza. Aliweka namba, picha na karatasi ya pendekezo kwenye ukurasa wa wakusanyaji mtandaoni, akaandika kwamba anamtafuta yeyote aliyeijua habari ya Erden Baimukhanov, mwendesha ngamia.

Mjukuu wa kapteni hakuandika. Aliyeandika ni mzee mmoja wa mji uleule uliokuwa ukiitwa Guryev, Kairolla Baimukhanov. Erden alikuwa ami yake. Kwa kuwa kapteni hakuandika kifo chake, familia haikupata taarifa yoyote, si ya kufa wala ya kupona. Bibi yake Kairolla aliacha mlango bila komeo kila usiku mpaka mwaka 1971, alipofariki. Sasa, baada ya miaka sabini na tatu, wamejua kwamba kijana wao alijifunga hatamu za ngamia mabegani. Barua ilikuwa na madoa, na Lidzhi alijua madoa ya nini.

Barua nyingine kama hiyo Kairolla aliipeleka ofisini kwa Raisa Dordzhievna.

Mwezi Agosti Raisa Dordzhievna alimwita Lidzhi peke yake, aje na nyota. Mezani palikuwa na cheti kimoja, kimeshachapwa: mtafiti fulani anathibitisha kwamba Nyota Nyekundu namba 783416 ni ya marehemu Erden Baimukhanov na inastahili kurudishwa kwa jamaa zake.

"Siwezi kusaini," alisema Lidzhi. "Unajua siwezi. Uliona tundu."

"Niliona." Alimsogezea kalamu. "Niliandika pia kwamba hii imeokotwa. Sasa najiuliza, Lidzhi Batyrovich, zile arobaini na tatu zilizo nyumbani kwako nazo ziliokotwa? Maana mtu akija kuuliza, itanibidi niandike kitu."

Lidzhi aliwaza kadi zake arobaini na tatu. Alimwaza fundi wa mabomu ambaye kaburi lake alilitafuta miaka sita, muuguzi aliyezama mto Oder, pacha wawili waliopewa namba zinazofuatana. Wote wangeingia kwenye gunia moja, wapelekwe ghala lisilo na kadi. Alijiambia kwamba arobaini na tatu ni wengi kuliko mmoja. Hesabu hiyo ilikuwa sahihi, maana alikuwa mpima ardhi, na alisaini kwa mwandiko uleule mzuri wa kwenye kadi, akaiacha nyota mezani.

Sherehe ilifanyika Septemba, siku ya mji. Ukumbi ulijaa. Kairolla alikuja na suti mpya na begi la vidonge vya jibini kavu, akimgawia kila aliyempa mkono. Palisemwa maneno mengi kuhusu undugu wa mataifa. Nogan alikaa mstari wa mbele kwa sababu ya umri wake, Bulgun kando yake, wote wawili na viraka vipya vya siku ileile.

Bilauri ililetwa. Kairolla hakuwa mnywaji, lakini mila ya jeshi ni mila ya jeshi. Raisa Dordzhievna aliidondosha nyota, nayo ikazama moja kwa moja, ikagonga chini kwa mlio uliosikika mpaka mlangoni. Kairolla alikunywa mpaka ikamgusa midomo. Alipofungwa nyota, ilionekana kwamba suti yake haikuwa na tundu, nao walikuwa wamesahau kuleta msumari. Haikuhitajika. Kitambaa kilijiachia chenyewe mbele ya parafujo, nati ikakaza mara moja tu, na nyota haikutikisika tena.

Akashuka jukwaani akawasalimu wazee, na alipofika kwa Nogan alimwinamia.

"Mama, na baba yako alipigana?"

"Alipigana. Alikuwa na ngamia."

"Kama ami yangu!" Kairolla alifurahi mno, akamjaza jibini viganja vyote viwili. "Huenda walijuana!"

"Walijuana," alisema Nogan.

Lidzhi alikuwa nyuma yao, hatua mbili. Alisikia yote.

Watu walimsifu Nogan baadaye kwa ukarimu wake, wakasema ana moyo mkubwa. Upuuzi. Nyumbani alilia kwa hasira, akaitupa jibini nje kwa kuku. "Si huruma," alimwambia Bulgun. "Yule mzee hana kosa, lakini si huruma. Ningesema, nani angeniamini? Saini ya Lidzhi iko pale. Lidzhi aliyekunywa chai yangu." Bulgun alimfuta uso kwa aproni. "Kikulacho ki nguoni mwako, mama," alisema, na hakuna aliyecheka.

Nogan alifariki Novemba. Bulgun alikuwa ameshona gauni la saba, halijawahi kujaribiwa hata mara moja, na alimvalisha saa chache kabla ya mazishi ili siku nne zisitimie. Lakini kulikuwa na theluji, ardhi ilikuwa jiwe, na mchimbaji wa makaburi hakupata mafuta ya mashine yake mpaka siku ya nne. Jeneza lilipofunguliwa kwa kuagana, tundu lilikuwepo, duara, milimita saba. Ndugu waliliona, wakamfunika mpaka kidevuni, wakaendelea.

Lidzhi alisimama mbali na kaburi. Aliporudi nyumbani aliiandika kadi ya arobaini na nne, ingawa nyota yenyewe hakuwa nayo. Aliandika namba, akaandika ngamia na matope, na alipofika penye jina kalamu ilisita. Kadi zake zote zilikuwa za kweli. Hilo ndilo alilojivunia maisha yake yote ya uzee. Akaandika Baimukhanov, kwa sababu ndivyo alivyothibitisha, na kadi haiwezi kupingana na cheti.

Siku ya nne alipovaa shati lake la flana alihisi ubaridi kifuani. Upande wa kulia. Alipitisha kidole, kikapita. Alivaa shati jingine, na jingine baada yake, na majira ya baridi yalipokwisha hakuwa na nguo nzima hata moja. Alizikunja zote kwenye mfuko, akaenda sokoni.

Bulgun alizitoa mojamoja, akazinyanyua kwenye mwanga wa dirisha. Hakuonyesha kushangaa.

"Flana hii," alisema, "kiraka cha pamba hakifai. Kitavuta."

"Wewe unajua zaidi."

"Najua." Aliingiza mkono kwenye kopo la vifungo, akatoa sindano na kibunda cha uzi wa kijani, uzi uliobaki kwenye gauni la mama yake, akaviweka juu ya mashati na kumsukumia mfuko. "Karibu kwenye ukoo, mjomba. Kwetu kila mtu hushona la kwake."

Lidzhi aliketi kwenye kigoda kando ya kibanda, kwa kuwa macho yake yalihitaji mwanga wa nje. Ilimchukua muda kupenyeza uzi kwenye sindano, naye alitumia lenzi yake ileile. Nyuma ya soko lori la Omsk lilikuwa limefika, na dereva alikuwa akipiga honi fupifupi, kuita wateja wake. Lidzhi aliinua kichwa, akasikiliza. Kisha akaifunga mishono haraka, akaliacha shati la kwanza nusu, akaenda kuona ameleta nini.